Pete Iliyoanguka Ndani ya Bomba

Kawajense ni kata moja ya mji wa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka wa 2012. Katika nyumba nyingi za huku maji yaliyooshea vyombo humwagwa nje, nyuma ya jiko, na ardhi huyanywa, au bata huyachezea. Kitu kikianguka katika maji hayo si taabu kukipata: mtu huinama akakiokota. Lakini zipo pia nyumba zenye karo la kuoshea vyombo ndani ya jiko. Penye karo pana tundu, na chini ya tundu pana bomba, nalo bomba huingia ukutani likapotea machoni. Kitu kiangukacho humo hakionekani tena, na mtu asiyeijua njia ya maji hudhani kimekwenda zake milele.

Jambo hili lilitupata sisi nyumbani mwetu jioni moja. Mke wangu alikuwa amevua pete yake ya ndoa ili akande unga, akaiweka ukingoni mwa karo. Mtoto wa dada yangu, msichana wa darasa la sita akaaye kwetu, akaja kuosha vyombo. Alipovuta sufuria, pete ikasukumwa, ikalia mara moja juu ya bati, ikateleza mpaka tunduni, ikazama. Tundu lile lina kifuniko chenye vitundu vidogo, ambacho kazi yake ni kuzuia mambo kama hayo. Lakini kifuniko kilikuwa kimeondolewa asubuhi ile ili kisuguliwe, wala hakikurudishwa mahali pake. Aliyekiondoa ni mimi.

Mtoto hakusema neno. Alifungua koki akaacha maji yaende kwa nguvu, kisha akatoka mbio nje, akasimama mahali bomba linapoingia katika shimo la maji machafu, akitazamia kuiona pete ikitoka. Hakuona kitu ila kifuniko cha saruji na kuku wawili juu yake. Akarudi jikoni, akajaza ndoo, akaiinua aimwage yote tunduni kwa mara moja. Hapo moyo ukamshinda. Akaiweka ndoo chini, akaja sebuleni nilipokuwa nikisahihisha madaftari, akasimama mlangoni huku mikono yake ikichuruzika maji.

"Mjomba," akasema, "nimeipoteza pete ya Mama."

Nikamjibu, "Kwanza nenda kafunge maji."

Labda wewe msomaji utaona kwamba jibu hilo halikumfaa mtoto mwenye kulia. Lakini lilikuwa na sababu, na ili uijue sababu hiyo, yafaa tutazame chini ya karo.

Ukiinama hapo na kuondoa pazia, utaliona bomba likishuka wima kutoka tunduni. Lakini halishuki hata sakafuni. Likiisha kushuka kadiri ya shubiri moja au mbili hupinda kama shingo ya bata: hugeuka, hupanda tena kidogo, ndipo liingiapo ukutani. Mafundi wana majina yao ya sehemu hiyo. Sisi katika habari hii tutaiita tumbo la bomba, kwa kuwa huning'inia kama tumbo, na kwa kuwa halipasi kuwa tupu.

Watu wengi wakiliona tumbo hilo hudhani kwamba fundi amekosea, au kwamba alipungukiwa na bomba lililonyoka. Husema, "Mbona maji yazungushwe hivi? Si afadhali yateremke moja kwa moja mpaka shimoni, kusiwe na kitu cha kukwama?" Swali ni zuri, nalo lina jibu ambalo waweza kulipata mwenyewe bila kumwuliza fundi.

Tafuta kipande cha mpira wa kupitishia maji, urefu wake kama mkono mmoja, na kama waweza kuupata ule uonekanao ndani, ni bora zaidi. Ushike miisho yake miwili juu, katikati uning'inie. Mimina maji kidogo. Utayaona yakikaa chini, katika tumbo la mpira. Sasa ushushe kidogo mwisho mmoja na uendelee kumimina kwa ule mwingine: maji yanayozidi yatatoka kwa mwisho ulioshushwa, lakini yale ya tumboni yatabaki. Ukiacha kumimina, yatabaki vile vile. Kisha mwambie mwenzako autie mwisho mmoja katika chupa yenye kitunguu kilichopondwa, nawe unuse mwisho wa pili. Hutasikia harufu. Mwaga yale maji ya tumboni, unuse tena. Hapo macho yatakutoka machozi, nawe utakuwa umejua kazi ya tumbo la bomba kuliko watu wazima wengi.

Katika shimo la maji machafu, taka huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, na katika kuoza huko huzaliwa hewa za namna nyingi. Mojawapo hunuka kama yai viza. Hewa hizo hazikai shimoni tu. Zikiona njia hupanda, na njia iliyo rahisi kuliko zote ni bomba lile lile lililoleta maji. Kama bomba lingalinyoka, jikoni kungalinuka kama shimoni, usiku na mchana. Maji yaliyosimama tumboni ndiyo mlango. Maji yatokayo juu hupita, hewa itokayo chini haipiti. Ni mlango usio na bawaba wala kitasa, nao hujifunga wenyewe kila mtu akiisha kunawa. Ila una kasoro moja: ukikaa siku nyingi bila kutumiwa, maji yake hukauka. Kwa hiyo mtu akirudi katika nyumba iliyofungwa miezi ya kiangazi na kukuta uvundo, asikimbilie kumwita fundi. Amwage kwanza jagi moja la maji katika kila tundu.

Mtu mmoja anayekumbukwa kwa ajili ya jambo hili ni Alexander Cumming, mtu wa Uskoti aliyefanya kazi London. Mwaka wa 1775 alipewa hati ya serikali ya kumlinda katika uvumbuzi wake wa choo cha maji, ambacho bomba lake lilipindwa chini ili maji yabaki humo na kuuzuia uvundo. Nami hupenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba Cumming hakuwa fundi wa mabomba. Alikuwa fundi wa saa.

Na tukiwa tunazungumza habari za mafundi, liko jambo jingine la kutufurahisha sisi wa Mpanda. Warumi wa kale walifanya mabomba yao mengi kwa risasi, yaani yale madini mazito na laini, wala si risasi za bunduki, nayo madini hayo katika Kilatini huitwa plumbum. Kutoka neno hilo Waingereza walipata jina la fundi wa mabomba, na hata leo humwita hivyo, ijapokuwa mabomba ya risasi yameachwa kwa sababu risasi ni sumu mwilini. Basi katika miaka ya 1950 risasi ilichimbwa hapa Mpanda, na reli itokayo Kaliua ilijengwa kwa ajili ya kuichukua. Mgodi ule umekwisha fungwa zamani, lakini reli ipo.

Turudi kwa pete. Maji mengi yalikuwa yamekwisha pita juu yake. Mbona basi nilitumaini kuwa imo tumboni bado?

Swali hili watoto wa Mpanda wanaweza kulijibu kuliko watoto wa miji mingi, kwa maana katika nchi yetu dhahabu huchimbwa, na wengi wenu mmewaona wachimbaji wadogo wakifanya kazi. Hulivunja jiwe, hulisaga hata liwe unga, kisha huuchukua unga ule mwaloni. Huko huumimina pamoja na maji mengi juu ya ubao ulioinamishwa, uliotandikwa gunia au kitambaa chenye manyoya. Maji hukimbia chini pamoja na mchanga, na ukiyatazama utadhani yamechukua kila kitu. Lakini kitambaa kikikung'utwa katika beseni, na yale yaliyokung'utwa yakizungushwa polepole ndani ya karai, mchanga huendelea kumwagika ukingoni kidogo kidogo, hata mwisho hubaki mstari mwembamba wa manjano chini kabisa. Mchimbaji hakuiona dhahabu ilipokuwa ikipita ubaoni. Aliijua tabia yake tu.

Tabia yenyewe ni uzito. Chukua chombo cha lita moja ukijaze maji: maji yale yana uzito wa kilo 1. Chombo hicho kikijazwa jiwe jeupe, lile ambalo mara nyingi dhahabu hukaa ndani yake, bila kuacha nafasi hata kidogo, jiwe lingekuwa na kilo 2 na nusu na zaidi kidogo. Kikijazwa chuma, karibu kilo 8. Kikijazwa risasi, kilo 11 na zaidi. Kikijazwa dhahabu safi, kilo 19 na zaidi, wala hapana mwanafunzi wa darasa la tano ambaye angekiinua kwa mkono mmoja bila kuona ajabu. Ndiyo sababu maji yanayokimbia huweza kuuburura mchanga, lakini dhahabu hubaki nyuma.

Pete za ndoa mara nyingi si dhahabu tupu. Dhahabu tupu ni laini mno, kwa hiyo sonara huichanganya na shaba au fedha ili iwe ngumu. Hata hivyo pete ya namna hiyo ni nzito zaidi ya mara 10 kuliko maji ya kadiri ile ile. Basi ikianguka tunduni, hushuka upesi mpaka chini ya tumbo, na hapo hulala. Ili iende zake, haina budi maji yaiinue na kuipandisha upande wa pili wa tumbo, kama mtu apandaye kilima. Maji machache ya koki hupita juu yake na kuiacha. Lakini ndoo nzima ikimwagwa kwa ghafula ni jambo jingine: maji hushuka kwa nguvu, na pete nyembamba huenda ikasukumwa kidogo, na ndoo ya pili ikaisukuma tena, hata ikavuka. Ikiisha kuvuka, bomba lote lililobaki huteremka, na hapana kitu cha kuizuia mpaka shimoni. Mtoto wetu alipoiweka ndoo chini bila kuimwaga, ndipo alipoiokoa pete, naye hakujua.

Basi tukaanza kazi. Tuliondoa kila kitu kilichokuwa chini ya karo, tukaweka ndoo tupu barabara chini ya tumbo, naye akanishikia tochi. Kabla ya kugusa bomba nilimwuliza mke wangu kama kuna mtu aliyemwaga dawa ya kuzibulia mabomba siku zile. Swali hili lisisahauliwe, kwa kuwa dawa hizo huunguza ngozi na kupofusha macho, na mtu afunguaye bomba huwa uso wake uko chini yake. Nikaambiwa hakuna.

Tumbo la bomba hushikwa na nati mbili kubwa, moja kila upande. Katika mabomba ya plastiki, kama letu, nati hizo zimefanywa kusudi zifunguliwe kwa mkono. Moja hufunguka kwa kugeuzwa huku na nyingine huenda ikafunguka kwa kugeuzwa kule, kwa kadiri fundi alivyozivalisha, kwa hiyo mtu huzijaribu taratibu. Ya kwanza ilitii. Ya pili ilikataa. Mke wangu aliniambia niifunge kitambaa kikavu ili mkono usiteleze, nami kwa haraka yangu sikumsikiliza, nikaenda kutwaa koleo. Nikaikaza meno, nikavuta, nati ikalia ka! ikapasuka ufa kutoka juu hata chini. Hapo nilinyamaza kidogo. Mtoto naye alinyamaza, lakini niliona kwamba machozi yake yamekwisha.

Tumbo lilipotoka, maji meusi yakaanguka ndooni, na harufu ikaja mara moja, si ya tumbo tu, bali ya lile bomba la ukutani lililokuwa limebaki wazi. Mlango wa maji ulikuwa umeondolewa. Nikamwambia mtoto achukue kitambaa kibovu akilizibe bomba hilo upesi, naye akafanya hivyo huku amefunga pua kwa kiwiko. Kisha akaligeuza tumbo juu ya ndoo na kulitikisa. Punje za wali zikatoka, na mafuta yaliyoganda, na uzi. Pete haikutoka. Akatikisa tena. Akalitazama ndani kwa tochi, akasema haoni kitu ila weusi. Nikampa kijiti, naye akakipitisha polepole kwenye mafuta yale yaliyoganda pindoni, hata kikagonga kitu kigumu. Mara kifungo cha shati kikaanguka ndooni, na baada yake ikaanguka pete, ikalia mara moja kama ilivyolia juu ya karo.

Hapa nataka kutaja kosa moja ambalo nimelisikia likisimuliwa katika nyumba zaidi ya moja, nami mwenyewe nilikaribia kulifanya. Mtu akiisha kupata kitu chake, huinuka kwa furaha, huishika ndoo ya maji machafu, na bila kufikiri huimwaga katika karo lile lile. Bomba halipo. Maji yote humwangukia miguuni.

Njia hii hufaa kwa vitu vizito: pete, ufunguo, sarafu, hereni, msumari. Kama kitu ni cha chuma, yawezekana hata kukipata bila kufungua bomba, kwa kushusha sumaku iliyofungwa uzi imara. Lakini sumaku haivuti dhahabu wala fedha wala shaba, na mtu akiivua pete ya dhahabu kwa sumaku atavua mpaka usiku. Waya iliyopindwa ncha kama ndoana hufaa kwa mkufu, ila ishushwe kwa upole, kwa maana waya isukumwayo kwa nguvu hukipeleka kitu mbele badala ya kukirudisha. Vitu vyepesi, kama kipande cha sifongo au kizibo cha plastiki, havina ahadi ya kukaa tumboni. Na tundu la sakafuni, kama lile la mahali pa kuogea, mara nyingi tumbo lake limefukiwa katika saruji, halifunguliki. Huko hutumika mkono wenye mfuko wa plastiki, na mkono usipofika, aitwe fundi.

Tulipokuwa tukilisugua tumbo kwa sabuni nje, penye mwanga wa taa ya mlangoni, mtoto aliniuliza, "Mjomba, kama ingalikwenda shimoni, ungaliingia kuitafuta?"

Nikamwambia, "La."

"Hata ikiwa ni pete ya Mama?"

"Hata ikiwa ni pete ya Mama. Na Mama mwenyewe angalinizuia."

Kisha nikamweleza, nami naeleza hapa pia, kwa sababu katika habari yote hii hapana neno lililo zito kuliko hili. Mwaka wa 2017 mjini Mombasa simu ilianguka katika shimo la choo. Mtu mmoja akashuka kuitafuta, akazidiwa na hewa ya shimoni. Wengine wakashuka ili wamwokoe. Watu watatu wakafa kwa ajili ya simu moja. Wala Mombasa si peke yake. Habari za namna hii hutokea katika nchi zetu mara kwa mara, na mara nyingi wafao si mmoja, kwa kuwa ndugu na jirani hawawezi kuvumilia kusimama juu wakitazama.

Hewa ile inukayo kama yai viza, ambayo maji kidogo ya tumboni huizuia isiingie jikoni, ni sumu kali. Ikiwa kidogo, pua huijua upesi, na mtu huondoka. Ikiwa nyingi, huliua tendo la pua lenyewe: harufu hupotea, na mtu hudhani kwamba shimo limesafika, kumbe ndipo hatari ilipokuwa kubwa. Tena hewa hiyo ni nzito kuliko hii tuivutayo, kwa hiyo hulala chini, mahali pale pale mtu anapoinama kutafuta. Na katika shimo lililofunikwa oksijeni huwa imepungua. Mtu hushuka akiwa mzima, huvuta pumzi mbili tatu, miguu humlegea, huanguka. Aliye juu huona amenyamaza, hudhani ameteleza, naye hushuka. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Kupiga mbizi hodari au kuzuia pumzi hakumsaidii mtu, kwa maana asiyevuta pumzi hana muda wa kutafuta, wala wa kumwinua mwenzake.

Mtu akiwa ameanguka humo, kazi ya aliye juu ni kupiga kelele watu waje, kuwazuia wasishuke, kutupa kamba kama yule wa chini bado aweza kuishika, na kuliita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa simu nambari 114. Wao wana vyombo vya kuvutia hewa safi. Kusimama hivyo bila kushuka ni kugumu sana kwa mtu mwenye moyo. Najua. Lakini aliyeshuka wa pili hakuwahi kupungukiwa na moyo. Alipungukiwa na habari.

Mtoto alinyamaza muda mrefu, akilisugua tumbo la bomba mahali ambapo palikuwa pamekwisha safika. Kisha akauliza simu ile ilikuwa ya bei gani. Sikujua la kumjibu.

Kwa sababu ya nati niliyoipasua, karo letu halikutumika usiku ule. Tuliosha vyombo nje, na kesho yake asubuhi bata walikuja penye majimaji yale wakafurahi. Nilikwenda mjini Mpanda nikanunua nati mpya, bei yake ndogo kuliko haya yangu, pamoja na mpira wa duara ukaao ndani yake, kwa maana mpira wa zamani ulikuwa umekauka na kupasuka. Mpira huu ndio uzuiao maji yasivuje. Nati ikikazwa juu ya mpira mbovu, hata ikazwe na watu wawili, itavuja.

Safari hii mtoto ndiye aliyefunga, nami nikashika tochi. Aliuondoa ule kitambaa kibovu katika bomba la ukutani, akaliweka tumbo mahali pake, akazivalisha nati kwa vidole mpaka zikaingia sawa bila kupinda, akazikaza kwa kiganja, basi. Koleo nililificha mwenyewe. Tukamimina maji kikombe kimoja ili tumbo lijae na mlango ujifunge, kisha tukafungua koki mpaka karo likajaa nusu, tukaliachilia lote lishuke kwa pamoja. Hatukuona tone. Lakini tone dogo hujificha, nalo huchukua saa nyingi kuonekana. Kwa hiyo mtoto aliichana karatasi moja kutoka daftari lake la zamani, akaitandika sakafuni chini ya tumbo, akaweka jiwe dogo juu yake isipeperuke. Mke wangu akakirudisha kifuniko cha vitundu juu ya tundu, akakibonyeza kwa kidole chenye pete, akanitazama.

Asubuhi karatasi ilikuwa kavu.